Koti Lililonienea

Kwetu Gazi mtu hatangazi jambo jema mpaka limalizike kabisa. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ukimuuliza, atakwambia tumbo lamsumbua kidogo. Anayejenga nyumba ya vyumba vinne atakwambia ni kibanda cha kuku. Wote wanamwogopa hasidi, na hasidi kwetu anaweza kuwa yeyote ambaye hukumzaa mwenyewe. Kwa hivyo matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama kwamba nimepata B+, mama aliusoma mara mbili, akaizima simu na kuniambia, "Ukiulizwa, sema twangojea."

"Twangojea nini?"

"Twangojea tu."

Nilitaka kucheka. Nani wa kuionea kijicho B+? Ni alama ya kupewa hongera kisha ukaulizwa habari za mvua. Kama ningetaka ualimu ningeshukuru Mungu na kulala. Lakini mimi nilitaka udaktari. Nilianza kuutaka siku nilipompeleka nyanya hospitali nikamwona daktari msichana, mwembamba, mdogo kuliko wote waliokuwa pale, akiwanyamazisha wanaume wazima kwa kuinua kidole kimoja. Nilikitaka kile kidole. Na kwenye mlango wa udaktari, ambako walikuwa wakiingia wenye A na wachache wenye A-, B+ yangu ilikuwa alama ya wastani. Ilinipa ruhusa ya kubisha hodi, basi.

Nikwambie sasa juu ya ndugu yangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Ni binti ya mama mdogo, anayekaa Ukunda. Kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu, ni ndugu, na kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa kwa miezi minne aliniita dada. Tulianza madrasa pamoja, kabla wao hawajahamia Ukunda. Ustadhi akimaliza kunisikiliza mimi alisema, "Haya." Akimaliza kumsikiliza yeye alisema, "Mashaallah." Nimeishi na ile "haya" tangu nina miaka sita. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, mwepesi wa hesabu, na zaidi ya yote alikuwa mpole, kitu kilichoninyima hata raha ya kumchukia vizuri. Baadaye alipelekwa shule ya bweni, mbali, mimi nikabaki shule ya kutwa.

Wiki moja baada ya matokeo mama mdogo alikuja kututembelea. Tuliketi kibarazani, sisi watatu tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamletea maji. Mama akauliza habari za mtoto.

"Ah, kapata ka-B+ kake, kama huyu wako," alisema mama mdogo, macho yake yakiwa kwenye bilauri. "Alhamdulillahi. Ataweka uuguzi, yaishe."

Niliingia jikoni nikacheka peke yangu, mkono mdomoni. Miaka yote ile, na leo tuko sawa! Nilimwonea huruma kwa muda wa kuchemka sufuria moja ya chai. Chai ilipoiva, huruma ilikuwa imekwisha na fikira nyingine imeingia: kama tuko sawa na yeye ameridhika na uuguzi, basi mimi nikiweka udaktari nitakuwa juu yake. Kwa mara ya kwanza maishani, juu yake.

Nikaenda Ukunda kwenye duka la kompyuta kujaza machaguo yangu ya chuo. Kijana wa pale alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, amejazia watoto wa watu fomu hizi mpaka akawa mjuzi kuliko walimu. Nikampa nambari yangu ya mtihani. Akatazama pointi zangu, akatazama nilichoandika kwenye karatasi: udaktari, udaktari, udaktari.

"Siz, medi kila mahali? Na hizi pointi?"

"Weka hivyo hivyo."

"Hapo ni kubeti tu. Weka hata nasing hapa chini, ama diploma ya utabibu. Usikose zote."

"Uuguzi aweka ndugu yangu," nikamwambia. "Mimi niwekee nilivyokuandikia."

Akainua mabega. "Sawa, siz. Mi ni kubonyeza tu."

Akabonyeza. Mwalimu wangu wa baiolojia angenikataza. Mjomba angenikataza. Hata mama, kama angezijua hesabu zile, angenikataza. Lakini niliambiwa niseme twangojea, nami nikawaambia wote twangojea. Siri ya mama iliniepusha na mahasidi, ikaniepusha na washauri pia.

Majibu yalipotoka sikupata nafasi popote. Mama alisema, "Haidhuru," na jioni ile akapika wali wa nazi ilhali haikuwa sikukuu, nikajua inadhuru. Nikamuuliza mama ndugu yangu kafikia wapi. Mama akasema kwamba mama mdogo naye yuwangojea.

Siku chache baadaye mama alinituma Ukunda kuchukua buibui lake kwa fundi, lililokuwa likifupishwa. Yule fundi ametushonea ukoo mzima tangu tukiwa wadogo. Akanipa buibui kwenye mfuko, kisha akapiga paji lake la uso.

"Na koti la ndugu yako li tayari. Hebu livae nione mabega. Vimo vyenu ni vimoja."

"Koti gani?"

"La udaktari. Si aenda Nairobi mwezi ujao? Mamake alisema nisimwambie mtu, lakini wewe si mtu, wewe ni nduguye."

Nikalivaa. Lilikuwa jeupe, lina joto la pasi bado, mifuko miwili mikubwa chini na mmoja mdogo kifuani. Fundi akanigeuza kwenye kioo chake, akavuta mikono, akapapasa mabega.

"Limekuenea sawasawa," alisema. "Kama ulipimwa wewe."

Nilijitazama. Niseme ukweli: sijawahi kupendeza vile. Wivu ulinishika. Kisha nikatamani koti lipasuke. Nilivuta pumzi, nikayatanua mabega kwa nguvu zangu zote, fundi akidhani najivuna. Halikupasuka. Alikuwa amelishona vizuri.

Nikamwambia nitalipeleka mwenyewe. Nyumba ya mama mdogo haiko mbali na pale, na njia nzima nilikuwa nimelikumbatia kifuani, watu wakinipisha na kunisalimu kwa heshima ambayo haikuwa yangu. Mama mdogo alikuwa uani akianua nguo. Aliponiona na lile koti aliziacha nguo kwenye kamba.

"Fundi kakupa?"

"Kanivisha."

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, juu ya machicha na kila kitu. "Mwanangu, si wewe tuliyekuficha. Ni watu."

"Watu gani, mama mdogo? Siku ile kibarazani alikuwako nani, ila mimi na mama?"

Aliinuka akaenda kunimiminia chai ambayo sikuiomba. Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemfunika mpaka mdomoni.

"Dada, nilitaka kukwambia," alisema. "Wallahi nilitaka."

"Ulipata ngapi?"

"A."

Akasema hivyo tu, taratibu, akiniomba radhi kwa macho. Nikamwambia hongera, nikaliweka koti kitini, nikasahau buibui la mama palepale na ikabidi nilirudie kesho yake.

Hasidi hana sababu, ndivyo watu wasemavyo. Mimi nilikuwa nazo tele. Nilimwombea asipate chumba, nilimwombea mvua ya Nairobi imnyeshee akiwa na koti lile jeupe, nilimwombea asahau yote aliyohifadhi. Na katikati ya maombi hayo kilichoniuma zaidi kilikuwa hiki: mama mdogo hakukosea. Alinitazama tangu nilipokuwa mtoto, akaona kilichomo ndani yangu, akamfunika bintiye. Ningekuwa mimi ningemfunika pia. Lakini uongo wake, ule wa kumkinga binti yake nami, ndio ulionifanya nibeti nafasi zangu zote. Nilimhesabia kosa hilo kila siku, na kila siku nikakumbuka kwamba kalamu niliishika mimi.

Mama alinivumilia siku nne. Ya tano akasimama juu ya kitanda changu. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," alisema. "Nasikia kuna duru ya pili ya machaguo, nayo yafungwa Ijumaa. Inuka uoge."

Nikarudi kwa yule kijana wa kompyuta. Nilijitayarisha kwa kejeli zake, nikajitayarishia na majibu. Hakunikejeli. "Diploma ya utabibu, siz?" aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Safari hii nilipata.

Utabibu ni miaka mitatu. Ukimaliza utawatibu watu, na kwetu kila anayetibu huitwa daktari, awe na shahada au asiwe nayo. Mama alinikumbusha hivyo kila nilipompigia. Mimi nilikuwa nikizitazama picha za ndugu yangu kwenye simu, amevaa koti, ameshika fuvu la kichwa, na nilizikuza kwa vidole viwili kutafuta kama macho yake yamechoka. Nikiyakuta yamechoka nilisoma vizuri usiku huo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza alinipigia simu, Jumamosi baada ya alasiri. Alikuwa akilia.

"Dada, nimefeli anatomia. Nitarudia mtihani baada ya wiki mbili, na nikifeli tena ntarudi nyumbani. Usimwambie mama."

Niliisogeza simu mbali na mdomo. Nilikuwa nimefurahi hata nikaogopa ataisikia furaha yangu kwenye pumzi. A ilikuwa imefeli, na B+ ilikuwa imepasi mitihani yake yote, anatomia ikiwemo.

"Wapi pamekushinda?" nikamuuliza.

"Mishipa ya fahamu ya mkono. Yaingiana, yaachana, yaingiana tena. Sioni mwanzo wala mwisho."

Hapo nikacheka kwa sauti. Mama yangu ni msusi wa ukili wa mikeka, nami nilishika miyaa, majani yake ya kusukia, kabla ya kushika kalamu. Ndugu yangu hakuwahi kuisuka. Yeye alikuwa akisoma. Nikamwambia atafute nyuzi tano, azifunge kwenye mguu wa meza.

"Tano ndizo zitokazo shingoni," nilimwambia. "Mbili za juu ziunge. Ya kati iache peke yake. Mbili za chini ziunge. Una ngapi?"

"Tatu."

"Kila moja ichane mara mbili."

"Sita."

"Haya, sasa zisuke ziwe tatu, na kwapani zitoke tano."

"Rudia, dada," alisema.

Nikarudia. Nilirudia kila alasiri kwa wiki mbili, na usidhani nilifanya kwa wema. Nilifanya kwa sababu lile neno "rudia", likitoka kinywani mwake, lilikuwa tamu kuliko halua, na kila nilipokata simu nililitamani tena.

Matokeo alinitumia mimi kwanza, kabla ya mama yake. Ilikuwa picha ya karatasi, jina lake na alama hamsini na mbili, na mbele yake wameandika kwamba amepita. Niliikuza kwa vidole viwili. Hamsini na mbili. Alama ya wastani, ya kupewa hongera na kusahauliwa, kama zangu zote, na yeye ilimtosha kuwa daktari.