Ngoma za Bibi kwenye Kwaya ya Masista

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana ya masista, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Kariakoo. Sisi ni Waislamu, lakini baba aliipenda nidhamu ya pale. Kwaya niliimba kama wenzangu. Yakija maneno ya Kilatini nilifumba na kufumbua mdomo tu.

Mwaka ule tulichaguliwa kuimba kwenye mashindano ya kwaya za shule, Mnazi Mmoja. Wimbo ulisifu kilimo cha ujamaa. Sista aliyetufundisha muziki, mtu wa Songea, aliutunga mwenyewe. Siku tatu kabla, kinanda kikafa. Fundi wa Msimbazi alikifungua, akatikisa kichwa: kipuri hakipo nchini.

Sista akaketi kwenye benchi. Maneno yakaniponyoka mdomoni.

"Sista, bibi yangu anapiga ngoma."

"Ngoma gani?"

"Za harusini."

Wenzangu wakaangua kicheko. Sista hakucheka. "Nipeleke kwake."

Tulimkuta Bibi uani anapepeta mchele. Alipomwona mtawa na shela lake jeupe anamwinamia, "Shikamoo, Bibi," nusura ungo umdondoke.

"Marahaba, mwanangu. Huyu kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Tunaomba ngoma zako, na wewe mwenyewe utufundishe."

Bibi alinikazia macho. "Mimi kanisani siingii."

"Mazoezi ni uwanjani, Bibi."

"Basi kesho, nikishaswali alasiri."

Akaja kweli, ngoma tatu juu ya mkokoteni, khanga kaikaza kiunoni. Aliwasha makaratasi katikati ya uwanja wa shule, akazikanza ngozi motoni, huku akizigonga kwa ncha za vidole mpaka zikalia alivyotaka. Kisha akatuambia tuimbe. Hatujafika hata ubeti wa pili, akatusimamisha.

"Mnalima au mnazika? Mbona mnaimba kama mmefiwa!"

Sista alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Jioni ile na iliyofuata tulifundishwa kuimba kwa miguu na mabega, na ngoma kubwa nikakabidhiwa mimi, zile mbili wenzangu wawili. Viganja vilivimba, usingizi sikupata kwa furaha.

Jumamosi Mnazi Mmoja ilijaa. Zamu yetu ilipofika nilianza kwa kasi mno, nikaiona hofu usoni mwa Sista, lakini nilishindwa kurudi nyuma. Wenzangu wakanifuata hivyo hivyo, mbio mbio, vumbi likatimka jukwaani! Kinamama waliotoka sokoni wakatua vikapu vyao na kuanza kucheza. Bibi alikuwa amesimama katikati yao, akapiga kigelegele ambacho ningekitambua popote pale. Watu wakapaza sauti, "Rudieni! Rudieni!" Tukarudia.

Tulishika nafasi ya pili, nyuma ya wavulana wenye matarumbeta. Tulirukaruka na kukumbatiana utadhani tumeshika ya kwanza. Jaji mmoja akaja kuuliza ni nani aliyetufundisha. Sista akamshika Bibi mkono, akamsogeza mbele.

"Huyu ndiye mwalimu wetu."

Bibi, ambaye hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, alimpa jaji mkono, akanyoosha khanga yake, kisha akatugeukia sisi.

"Jumatatu mje mapema. Yule wa ngoma ndogo bado anachelewesha mdundo."