Siku Urban Hakucheka

Virgil Niekamp alikuwa na ulimi. Kila aliyefika kwenye ghala la nafaka la kijiji chao, kule magharibi mwa Ohio, angekuambia hilo kabla hujauliza. Wakulima wazee walipokutana pale asubuhi kunywa kahawa, yeye ndiye aliyegawa majina ya utani, na akikupa jina unakwenda nalo kaburini. Aliyeuonja ulimi huo zaidi ni jirani yake, Urban Homan. Ujanani Urban alifunga matairi ya trekta ya baba yake kinyume, kisha akalima shamba la kando ya barabara kutwa nzima, wilaya yote ikipita na kumwona. Tangu siku hiyo Virgil akamwita Rivasi, kama gia ya kurudi nyuma. Urban alioa akiitwa Rivasi, akamzika mke akiitwa Rivasi.

"Rivasi, leo suruali umeivaa upande gani?" Meza nzima hoi, na Urban mwenyewe hana mbavu, maana kwa watu wale asiyetaniwa ndiye asiye na wenzake.

Uzee ulipokuja, shamba la Virgil likauzwa. Akabaki na nyumba, bustani ya viazi nyuma yake, na kitrekta cha bustani, kile ambacho wenzake hukatia majani. Mkewe Rosella alikuwa ameshafariki. Binti yake Marlene, anayeishi mjini Dayton, alikuwa amemnyang'anya funguo za gari baada ya kukuta jiko linawaka na baba mtu hana habari. Baridi ya mwaka ule akaja na maneno ya makao ya wazee.

"Baba, nyumba hii imekushinda."

"Imenishinda nini? Nimekuomba chakula?"

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Marlene akachoka. "Haya. Ijumaa Kuu ulime na kupanda viazi vyako mwenyewe, kama ulivyozoea. Urban atakuwa anatazama. Akiniambia uko sawa, habari hii sitaitaja tena. Akisema hauko sawa, tunauza nyumba."

"Yaani Rivasi ndiye anipime mimi," Virgil akasema. Lakini alikubali, tena kwa kiburi, kama mtu aliyepewa mtihani wa mtoto.

Matairi ya nyuma ya kitrekta yalikuwa yamekwisha, basi Urban akampeleka dukani. Muuzaji akamwonyesha matairi ya majani, yale laini yasiyochubua uwanja.

"Hayo ni ya watu wanaongoja kufa," Virgil akamwambia. "Nipe ya shamba."

Hapo ungempenda. Alizibonyeza kashata, zile nundu nene za tairi, kwa kidole gumba, akapima kina chake kwa ukucha, akakataa jozi moja kwa kuwa kashata zimekaribiana mno. "Udongo wetu mfinyanzi huu. Ukiingia humo hautoki." Jozi aliyoichagua ilikuwa na kashata nene, zimeachana vizuri, zimepangwa kama V. Alizipapasa kama mtu anayepapasa shingo ya farasi wake.

Muuzaji alipokwisha kuyavisha kwenye ringi, akatoa chaki aandike lipi la kushoto, lipi la kulia. Virgil akamshika mkono.

"Mwandikie huyu," akasema, akimwonyesha Urban kwa kidevu. "Mimi nilianza kufunga matairi baba yako hajaoa." Wakacheka wote watatu.

Akayafunga peke yake nyumbani. Urban alitaka kusaidia, akafukuzwa.

Ijumaa Kuu ikafika. Virgil akashusha jembe la kitrekta, akaondoka, Urban ameegemea ua. Hakufika mbali. Magurudumu yakaanza kuzunguka palepale, tope likajaa katikati ya kashata badala ya kutoka pembeni. Virgil akamtukana muuzaji, akaitukana mvua, akakitukana kiwanda kilichotengeneza matairi. Urban akaingia bustanini, akazunguka nyuma ya kitrekta, akainama kidogo. Akakwangua tope kwa ncha ya kiatu, akazitazama kashata.

"Udongo bado una maji, Virgil," akasema. "Acha kwa leo."

"Si nilisema? Matairi ya siku hizi takataka."

"Takataka kweli," Urban akaitikia.

Kesho yake kwenye ghala meza ilikuwa baridi. Mmoja alimuuliza Virgil kuhusu mvua. Mwingine akamsogezea kipande chake cha pai, jambo ambalo meza ile haijawahi kumfanyia mtu mwenye afya. Virgil akaona awachangamshe.

"Jana Rivasi kanitia nuksi. Matairi yamemwona tu, yakagoma."

Hakuna aliyecheka. Walitazama vikombe vyao, na Virgil akaiacha kahawa yake nusu, akaondoka.

Aliporudi akaenda moja kwa moja bustanini, akasimama nyuma ya kitrekta. Ukisimama pale, ncha ya V inatakiwa itazame juu. Mtoto wa kule anajua hilo kabla hajajua sala. Za kwake zilitazama chini. La kushoto alilifunga kulia, la kulia kushoto. Akajaribu kuikumbuka ile siku ya kufunga nati, hata spana aliishika vipi, asikumbuke chochote. Hilo lilimtisha kuliko matairi.

Akavuka barabara hadi kwa Urban.

"Uliona."

"Niliona."

"Na ukawaambia wenzako."

"Niliwaambia wasikuseme."

"Kwa nini? Miaka yote nakuita Rivasi, leo Mungu kakupa zamu yako, unanyamaza? Nicheke, bwana. Niite jina lolote. Nakuomba, Urban." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu ujana wao.

"Nimelitafuta hilo jina, sijalipata," Urban akasema. "Mimi nilipokosea nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye dansi, Virgil. Ndiyo maana ilichekesha."

Virgil akageuka kuitazama nyumba yake ng'ambo ya barabara. "Marlene amekupigia?"

"Amepiga."

"Ukamwambia nini?"

Urban akavua kofia, akaipangusa, na wala haikuwa na vumbi. "Ingia ndani tunywe kahawa," akasema.

Virgil hakuingia. Alirudi kwake akatoa jeki, akayabadilisha matairi, ncha zikatazama juu. Udongo ulipokauka akalima bustani yote, mistari imenyooka kama ya enzi zake, akapanda viazi hadi cha mwisho. Kazi ilikuwa safi, nami sioni aibu kusema kwamba haikumsaidia kitu. Marlene akaja na maboksi, akaitazama bustani, akalia, akafungasha vyombo.

Viazi vilistawi, na kibao cha nyumba inauzwa kimesimama mbele. Urban ndiye aliyevichimba. Akachagua vilivyo vizuri, akampelekea Virgil kule makao ya wazee, akasimama mlangoni na ndoo yake, amevaa kofia mbele nyuma makusudi, anangoja aitwe Rivasi.

Virgil akainuka, akampa mkono. Akamshukuru kwa adabu, kama mtu asiyemjua, akamkaribisha kiti, akamwita bwana.