Mama wa Kivukoni Niliyemtunga

Kosa ni langu, na sitaki pole ya mtu. Nina hasira tu, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilirudi Ifakara na digrii, nikazungusha bahasha ofisi zote, kazi hakuna. Nikaanza kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya kupitia mtandao. Wao wana maktaba, wana wasimamizi, wana kila kitu isipokuwa nia ya kuandika. Mimi nina akili na bando la kuungaunga.

Mteja mmoja akataka tasnifu ya udaktari kuhusu bonde letu la Kilombero. Hajawahi kulikanyaga, halafu anataka awe mtaalamu wetu! Akasema msimamizi wake anapenda hoja kwamba mashamba ya mtoni hulala bure baada ya mavuno ya mpunga.

Uongo mtupu, na nilijua. Mpunga ukishatoka, mama zetu hupanda mahindi na mboga kwenye unyevu uleule. Mahindi hayo ndiyo yaliyonisomesha. Lakini mteja alikuwa na haraka, nami nikaona uvivu kwenda kuhoji watu. Nikakaa nyumbani nikatunga mahojiano. Nikaandika kwamba mama mmoja wa Kivukoni, kijijini kwetu, alisema, "Tukishavuna, hatuna shughuli tena na bonde lile."

Akapata udaktari wake. Miaka ikapita, akaja huku kama Dokta, na mradi wa kuwagawia wawekezaji mashamba yasiyotumika. Watu wa mradi wakatafuta mkalimani mwenyeji, wakanichukua mimi. Hakunijua, maana mtandaoni nilitumia jina la bandia.

Kwenye mkutano wa kijiji mama yangu akasimama.

"Shikamooni wazee. Shamba langu limewekewa bikoni za mipaka, na mahindi yangu yamo ndani. Nani kawaambia halilimwi?"

Dokta akafungua tasnifu, akasoma maneno yangu vilevile nilivyoyaandika. Akaongeza, bila hata kupepesa macho, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemhoji mama huyo. Kisha akanigeukia nitafsiri. Nikatafsiri.

"Mama gani huyo?" mama akauliza. "Mleteni aniambie usoni."

Sikukiri. Niliogopa kupoteza kibarua, na niliogopa macho yake. Shamba limekwenda.

Yule bwana namchukia. Joho kavaa yeye, maneno ni yangu, ardhi ni yetu. Ila uongo ule niliutunga mimi, tena kwa uvivu.

Nyie mnaowaandikia watu wa mbali, acheni. Msidhani maneno yenu yataishia hukohuko kwao. Yangu yalirudi hadi kwenye shamba la mama yangu, na mimi ndiye niliyemtafsiria.

Sasa mama ameamua kwamba aliyesema ni jirani yake, mwanamke waliyepalilia pamoja tangu sijazaliwa. Hawasalimiani tena. Jana aliniita.

"Mwanangu, wewe umesoma. Kamuulize taratibu, nilimkosea nini hata akaniuza."

Nikamjibu kwamba nitakwenda.