Siku Nilipomzuia Mama Mkwe Kumbusu Mtoto

Siku aliyokuja mama mkwe wangu kumwona mjukuu wake naikumbuka hadi leo, mwanangu. Tulikuwa tumepanga mjini, mtaa wa Sekei, mimi nafanya kazi maabara, na mtoto wetu Neema hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Mama alishuka kutoka kijijini kwake Olmotonyi na mkungu wa ndizi na maziwa mgando, amejifunga kitenge kipya. Jamani, siku zile! Mgeni akiingia, nyumba nzima inachangamka.

Akanawa mikono, akasali, kisha akainama ambusu mtoto. Hapo nikaona malengelenge pembeni ya mdomo wake. Nikamvuta Neema kifuani.

"Unamnyima mama mjukuu wake?" mume wangu akafoka.

Mama akaanza kukusanya vitu vyake aondoke. Nikapiga magoti.

"Mama, sikunyimi. Hivyo vidonda vina virusi."

Nikamweleza kwamba kirusi kile kina protini kwa nje. Kuna zinazokishikiza kwenye seli. Kuna mbili ambazo lazima ziungane kwanza, ndipo ziiamshe nyingine. Hiyo hujichomeka kwenye utando wa seli, ikajikunja, ikauvuta utando wa kirusi na ule wa seli mpaka zikawa kitu kimoja. Kirusi kikaingia. Mtu mzima hutoka vidonda, akapona. Mtoto mchanga kinaweza kumfika kwenye ini na ubongo, kikamuua.

Mama akaniuliza taratibu, "Huyo mtoto huwa anatoka malengelenge? Anakataa ziwa?"

"Wengine ndiyo, mama. Na homa."

Akaketi, akatusimulia. Kumbe kabla ya kumzaa mume wangu alizaa binti, ambaye hakufikia hata kubatizwa. Alitoka malengelenge, akaacha kunyonya, akafa. Ndugu wa mumewe wakasema mama amekuja na laana. Mume wangu alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo.

"Siwezi kujua kama ndicho kilichomuua," nikamwambia. "Lakini si laana, mama. Hukumuua mwanao."

Alilia mpaka ukingo wa kitenge ukalowa. Mume wangu akaenda kukaa sakafuni, miguuni pake, akamshika mkono. Mama alikaa kwetu mpaka vidonda vilipokauka kabisa, ndipo akambusu Neema, huku akicheka kama msichana. Namkumbuka sana mama yule.

Basi mwanangu, na wewe siku zako zimekaribia. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto wako, hata awe mimi. Mtoto mchanga akipata homa, akitoka malengelenge au akikataa ziwa, kimbilia hospitali, usisubiri kukuche. Na ukilazimika kumkatalia mkubwa, mweleze sababu kwa heshima mpaka aelewe, kisha umsikilize, maana huwezi kujua amebeba nini moyoni. Mungu akufungue salama, akutunzie huyo mtoto mpaka awe mtu mzima, naye aje akutunze wewe.