Hadubini ya Wageni

Mwaka wa kumi na nne huu natunza maabara ya sekondari yetu ya kijijini, na hadubini tunayo moja tu. Inakaa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Wakija wageni, inatolewa. Wakiondoka, inafungiwa. Wanafunzi wanaijua kwa kuchorewa ubaoni! Watakutajia kila sehemu yake kwa jina, ila jicho hawajawahi kuweka.

Mimi wananiita Daktari kwa sababu ya koti langu jeupe. Daktari gani hana ufunguo?

Mwaka huu iliniuma zaidi, maana mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa kidato cha nne. Anataka uuguzi, na chuo hakimpokei asipofaulu vizuri baiolojia. Mwezi wa pili nikamwendea mkuu.

"Mzee, nipe wiki moja tu niwafundishe watoto kuitazama."

"Wataivunja."

Mwezi wa tano nikarudi. "Daktari, wewe huchoki?" Mwezi wa nane akacheka tu, akaagiza chai. Jamani, nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Siku ya mtihani wa vitendo ikafika, hadubini ikaletwa inang'aa. Niliweka ngozi nyembamba ya kitunguu, nikarekebisha mpaka seli zikaonekana safi, zimepangana kama matofali. Swali: chora unachokiona. Dakika tatu kila mmoja, anaitwa mwingine.

Wa kwanza akainama, akabana jicho kabisa kwenye lenzi. Nikachungulia karatasi yake. Mistari! Mistari mirefu iliyopinda, basi. Mtoto alikuwa anachora kope zake mwenyewe! Mgeni wa chombo hiki huziona hizo kwanza, ndiyo maana hufundishwa kurudisha jicho nyuma kidogo. Kitu kidogo hivyo! Nikafungua mdomo.

"Ukitamka neno, nafuta mtihani wa darasa zima," msimamizi akasema. "Toka nje."

Nikatoka. Ningefanyaje, na mpwa wangu yumo humo humo? Nikasimama chini ya dirisha nikiyatukana makabati yote ya dunia. Mkuu akapita na kikombe chake cha chai.

"Umeona, Daktari? Hawajaivunja."

Ningemjibu, leo nisingekuwa na kazi.

Mpwa wangu alitoka karibu na mwisho, anakimbia, uso umejaa furaha ambayo sijaiona tangu tumzike mama yake.

"Mjomba, nimeona! Wenzangu wamechora mistari minne mitano wakachoka. Mimi nimehesabu kumi na saba, nimechora yote. Na ilikuwa inacheza, Mjomba! Nikaandika pembeni: viumbe hai."

"Hongera, mwanangu," nikasema.

Akabaki ananitazama, anasubiri niseme zaidi. Ana kope ndefu huyu mtoto, kachukua za mama yake.