Ukucha wa Bwana de Trévannec

Bwana Guénolé de Trévannec nilimlea mwenyewe kwao Bretani, na alipokwenda kutumikia kasri la Versailles akanichukua nimpikie. Mtu akisikia kasri anadhani dhahabu tupu. Sisi tulikaa juu kabisa chini ya vigae, watu watano chumba kimoja, kidogo hata panya waliingia kwa zamu. Lakini paa lilikuwa la mfalme, na asiye na chumba pale hahesabiwi mtu.

Asubuhi moja tukasikia chumba chetu kinapewa mbwa wa bibi mmoja mkubwa. Bwana akageuka rangi ya maziwa yaliyochacha. Tungerudi Bretani, na binti zake wawili wasipate hata mchumba mwenye chongo. Kilichobaki ni kumwomba Duke anayegawa vyumba, kabla hajatoka kwenda kuwinda.

Sasa, kwa wakubwa wale hakuna hodi. Ukigonga mlango kwa ngumi, utachekwa mpaka kaburini. Mlango hukwaruzwa, polepole, kwa ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kila bwana huuacha ukue kwa kazi hiyo. Tulipofika mlangoni bwana akanionyesha vidole vyake. Nyama tupu.

"Nimekwisha, Mama Mathurine. Ni hofu, kucha nimezitafuna."

"Zote?"

"Hata wa kushoto."

"Na mimi kila siku nalaumiwa kwamba sikushibishi."

Mkewe, bibi Apolline, aliyefuatana nasi, hakucheka. Akamsogeza kando, akakwaruza yeye. Mlinzi akafungua, akasema aingie aliyekwaruza tu. Bibi akaingia peke yake.

Bwana alitetemeka hata unga mweupe aliojipaka kwenye nywele zake za bandia ukamwagika, nikadhani theluji imeingia ndani.

"Je, Duke akiuliza kwa nini sikuingia mwenyewe?"

"Ataambiwa bado unakula."

"Mama, usinitanie, moyo utanitoka."

Mara bibi akatoka, mashavu yamemwiva.

"Tunabaki. Nimemwambia una jongo, mguu umekuvimba, na safari ya Bretani itakuua."

"Jongo la mguu upi?"

"Sikusema upi. Na Duke yu nyuma yangu anakuja. Chechemea, bwana wangu."

Maskini, akaogopa kukosea mguu. Duke alipotokeza na viatu vyake vya kuwindia, bwana akachechemea miguu yote miwili kwa pamoja, kama bata aliyekanyaga makaa. Duke akasimama, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Pole sana, de Trévannec," akasema. "Sikujua limefika huko."

Tangu siku ile bwana hakuthubutu kutembea vizuri, hata chumbani mlango ukiwa umefungwa. Alichechemea kanisani, alichechemea akiwafundisha binti zake dansi. Binti mkubwa alipoolewa, bwana alimpeleka kwa padri akichechemea, na wakwe wakaanza kunong'ona kwamba jongo la ukoo ule ni la kurithi. Mpaka leo mtoto akizaliwa nyumba ile, kwanza wanamtazama miguu.