Raifo Ndogo ya Bibi

Juzi mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Mpanda. Nguruwe pori wamemlia mahindi mpaka amebaki na mabua, na sasa anataka kuomba kibali cha kumiliki bunduki. "Shangazi," akasema, "nichukue raifo ndogo au hii ya marisau? Baba anasema bibi yenu alikuwa fundi wa mambo haya." Nikamwambia nina wageni, nitampigia baadaye. Sikuwa na wageni. Nilikuwa peke yangu jikoni, chai imepoa. Basi wewe, rafiki yangu, ndiye utakayenisikiliza, maana wewe huna shamba wala haraka.

Bibi mzaa mama aliishi nje ya mji, pale mashamba yanapoishia na miombo inapoanza. Nililelewa naye. Nikiikumbuka nyumba ile, kwanza inanijia harufu: karanga zikikaangwa kwenye kigae, moshi wa kuni zisizokauka vizuri, asali ya masega ambayo bibi aliifungia kwenye ndoo na kuiweka chini ya kitanda chake ili vidole vyangu visiifikie. Alfajiri kanga walilia ng'ambo ya kijito, na mimi nilikuwa nimeshatumwa maji. Mchana tulipukuchua mahindi huku redio ya mjomba ikikoroma kuliko kuimba. Ilikuwa raha, na sitaki uanze kunihurumia mapema.

Bunduki ilikuja baada ya babu kufa. Gobore lake lilirudishwa kituo cha polisi, na nguruwe, sijui nani aliwapasha habari, wakaanza kuingia shambani kama wamealikwa. Bibi alifuatilia kibali mpaka akakipata. Kisha tukaenda Kawajense, kule mjini, yeye, mimi na mjomba, kwa mzee mstaafu aliyekuwa anahama na kuuza bunduki zake mbili. Alizilaza kwenye mkeka sebuleni. Moja ilikuwa ya marisau, nene, na mjomba aliikodolea macho kama mtu anayetafuta mchumba. Ya pili ilikuwa raifo ndogo, risasi yake nyembamba kuliko penseli.

Bibi aliinua raifo begani akaona kitako kinamkaa bila kunyoosha shingo. Akafungua komeo la raifo, akaelekeza mtutu dirishani, akachungulia ndani kutafuta kutu. Akauliza risasi zake zinapatikana wapi. Kisha akaishika kwa mkono mmoja, muda mrefu, mpaka mwenye nyumba akaanza kukohoa.

"Mama, hiyo si ya kupigia njiwa?" mjomba akasema. "Nguruwe atacheka."

"Atacheka akipigwa na wewe," bibi akamjibu. "Nyie mnapenda kelele. Ile inatapika marisau, hata asiyelenga anapata kitu. Hii inataka mtu anayeona."

Akaichukua. Na hakukosea, kwa wakati ule. Nguruwe pori ni mkaidi. Risasi ndogo ikimpata tumboni, anaondoka nayo, anateseka porini siku nyingi, au anakungoja kichakani akupasue. Lazima umpate nyuma ya sikio. Kwa hiyo bibi aliweka sheria mbili. Ya kwanza: usipige unachokisikia, piga unachokiona. Ya pili: ukimwaga damu, ifuate mpaka mwisho wake, usirudi kula kabla hujajua umefanya nini.

Tena kila mwaka, mahindi yanapotoa ndevu, ukoo ulikusanyika nyuma ya nyumba. Magunzi matatu yalining'inizwa kwa kamba kwenye tawi, na kila aliyetaka kubeba raifo msimu ule alipiga akiwa amekaa kwenye kichuguu. Risasi tatu, magunzi matatu. Ukikosa moja, hubebi. Mjomba alikosa kila mwaka. Bibi hakukosa hata mara moja, na alipomaliza alijipangusa mikono kwenye kanga yake kama aliyetoka kuosha vyombo.

Nilipofika darasa la tano nikaanza kuona mambo. Bibi aliacha kuchambua mchele kwa macho, akauchambua kwa vidole. Sindano alinipa mimi nitunge uzi. Siku moja alimsalimia kwa heshima zote mbuzi wa jirani aliyesimama mlangoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Ndani ya mboni zake palikuwa na ukungu mweupe. Hakuniambia nyamaza. Aliniangalia tu, au aliangalia upande wangu, na mimi nikanyamaza, nisimwambie mtu.

Nilijua alichokuwa anakiogopa. Asipobeba yeye, mjomba angeichukua kwa nguvu za kiume, na kila mtu kijijini alijua mjomba angeingia nayo hifadhini kutafuta nyama. Wangemfunga, au wangemrudisha amefunikwa shuka. Bibi alikuwa ameshazika watoto wawili.

Mwaka ule aliyetundika shabaha nilikuwa mimi. Badala ya magunzi matupu nilitundika mahindi yenye maganda yake makavu, meupe, yakiwaka juani kama taa. Mjomba alisema, "Mbona haya hayajamenywa?" Nikasema nimesahau. Bibi akapiga, moja, mbili, tatu. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikayashusha haraka kabla mjomba hajayakagua.

Msimu ule nikawa macho yake. Tulikaa kwenye kibanda cha kulindia shamba, bega kwa bega, naye akinong'ona, "Wapi?" Namjibu, "Kushoto, bibi. Shuka kidogo. Hapo." Tuliwaangusha nguruwe wawili namna hiyo. Nilianza kujiona mtu mkubwa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wasemavyo, lakini mtoto wa darasa la tano hajui ngama iko wapi.

Tulikuwa na jirani, mama wa Kisukuma aliyekuja na mumewe na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Bibi alimruhusu kuchuma majani ya maboga yaliyotambaa kati ya mahindi yetu, na kila mara alipoingia alipiga hodi shambani kwa sauti ya kuita ng'ombe. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, hakupiga hodi. Aliona mlango wetu umefungwa akadhani tumelala, akaona haya kutuamsha.

Mabua yakatikisika. Yakatulia. Yakatikisika tena, chini chini, kama kitu kinachimbua. Nikaona weusi ulioinama.

"Wapi?" bibi akauliza.

Nikamwelekeza. Mtutu ukatulia.

"Unamwona? Ni nguruwe?"

Rafiki yangu, niliona mabua na weusi. Sikuona pua, sikuona sikio. "Ndiyo, bibi," nikasema.

Mlio wa raifo ile ulikuwa mdogo, kama ufito mkavu unaovunjika. Hakuna kilichoanguka. Kitu kilikimbia, na hakikukimbia kwa miguu minne. Nilisikia hivyo na nikajiambia sikusikia.

Bibi aliweka mkono begani mwangu. "Tufuate damu."

Damu ilikuwepo, matone kwenye majani ya mahindi, juu, usawa wa kifua changu. Nguruwe gani ana kimo hicho? Yalitoka shambani, yakashika njia ya miguu kuelekea nyumbani kwa jirani. Nikageuka. Nikamshika bibi mkono nikampeleka upande wa pori. "Imeenda huku," nikasema, na sauti yangu nikaisikia ni ya mtu mwingine.

Tulitembea labda hatua hamsini. Bibi akasimama. Alikuwa pekupeku, kama siku zote, na miguu yake iliijua ardhi ile kuliko macho yangu.

"Tumeivuka njia," akasema. "Mjukuu wangu, damu iko wapi?"

Nilianza kulia. Hakunipiga, hakunifokea. "Nirudishe kwenye damu," akasema, na nikamrudisha.

Tulimkuta jirani ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, mkono wa kulia umelegea mapajani, majani ya maboga yametapakaa miguuni. Bibi alipiga magoti. "Ni mimi," akasema. "Mimi peke yangu." Polisi alikokwenda mwenyewe na raifo yake, kwenye baraza la wazee, mbele ya mume wa jirani, kote alisema hivyo hivyo: macho yamenidanganya, nilikuwa peke yangu. Jina langu halikutajwa popote. Raifo ilibaki kituoni, na bibi hakumaliza msimu wa pili baada ya hapo. Alikufa akiwa hajaniuliza kwa nini nilisema ndiyo, na mimi nilikuwa na jibu moja tu, kwamba nilitaka aendelee kuniuliza, "Wapi?"

Sasa kibanda hakipo, kichuguu kimesawazishwa, pori limerudi nyuma hadi huwezi kusikia kanga. Lakini si hivyo vinavyoniliza.

Jirani alipona, ila mkono wa kulia haukuinuka tena. Kila nilipokwenda kumsalimia, hata nilipokuwa mwanamke mwenye watoto, alinipakulia ugali na mlenda, akaniletea sahani kwa mkono wa kushoto, na kila mara aliinamisha kichwa kwa aibu. "Nisamehe, mwanangu," alisema, "nakupa kwa kushoto." Miaka yote hiyo aliniomba radhi mimi. Mwaka jana tulimzika, na mimi nilikuwa sijafungua mdomo.